Kikapu cha Magokoro Nyakerario

Ukitaka kumwona Nyakerario, usiende kwake. Kwake utakuta kuku na kufuli. Panda hadi kituo cha kuuzia chai, kule Gesima, alasiri, wakati wachumaji wamekwisha kufika na vikapu vyao mgongoni na lori la kiwanda bado linahangaika na mlima. Hapo pana foleni ya mizani, pana matope, pana watu waliochoka ambao hawana la kufanya ila kungoja. Sasa tega sikio. Pale wanapocheka mpaka mtu anajifuta machozi kwa kitambaa cha kichwa, ndipo alipo.

Ni mwanamke mfupi, mjane, mwenye mashavu ya kucheka na gambuti zisizomtoka miguuni. Kila Sabato yuko kanisani, na makambi ya ibada ya kila mwaka hajawahi kuyakosa. Begani ana mkoba wa buluu, maana ni mhudumu wa afya ya jamii, na ndani ya mkoba huo mna dawa za watoto wanaohara, mna kondomu, na mna vile vipimo vya virusi vya ukimwi ambavyo mtu hujipima mwenyewe: unapitisha kijiti kwenye ufizi, unakichovya kwenye kichupa, unangoja. Mstari mmoja, huna. Miwili, nenda kliniki wakahakikishe.

"Mose!" alimwita kijana mmoja siku moja, kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya mto. "Viatu vipya hivyo unakwenda kumwonyesha nani?"

"Ni vya kanisa, magokoro."

"Kanisa lina macho ya kutazama viatu? Shika hiki kipimo. Kabla hujamwonyesha viatu, mwonyeshe mstari."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mose akaona haya, kisha akacheka naye, akakitia kipimo mfukoni. Juma lile lile akarudi kuomba kingine, cha yule wa kuonyeshwa viatu.

Angekuwa mama mwingine anayesema maneno kama hayo mbele za watu, angeitwa mwendawazimu. Lakini magokoro ni bibi, na kwa Wagusii bibi na mjukuu ni watani. Bibi humwita mjukuu wake mume wangu, mjukuu naye humwita bibi mke wangu, na hakuna neno la chumbani wasiloweza kurushiana hadharani. Tena ujukuu wenyewe si wa tumbo moja. Ukoo wote unahesabiwa, hata nusu ya vijana wa mlima ule ni wajukuu wa Nyakerario kwa njia hii au ile. Aliitumia ruhusa hiyo bila huruma.

Mzazi na mtoto wake, hapo sasa ni habari nyingine. Baina yao kuna ensoni, ile haya ya heshima. Mama hamtajii mwanawe mambo ya kulala wala ugonjwa unaopitia huko, na mwana hamtajii mamake. Mkwe na mkwe vivyo hivyo. Si kwamba watu wamekasirikiana, la. Ni ukuta waliojenga wazee, na kila mtu anajua ulipo, hata akiwa amefumba macho.

Nyakerario mwenyewe ana virusi, na hafichi. Huwaambia wajukuu zake pale kwenye mizani: "Nitazameni! Mume wangu, babu yenu Ogoti, alikufa nikiwa mbichi kama jani la chai, nami wakanipimia jeneza. Jeneza limeoza kwa fundi, mimi nipo." Zamani hizo dawa zilikuwa mbali, mjini Kisii, na aliyetaka kuzifuata aliondoka alfajiri amejitanda leso usoni asijulikane, akapanga foleni na wenzake waliojitanda vilevile, kila mmoja akijifanya amekuja kumwona mgonjwa. Siku hizi dawa ziko zahanati ya karibu. Kila Jumatano hema jeupe husimamishwa pembeni mwa kituo cha chai, anaketi muuguzi Batuli, binti wa mzee Warsame muuza vitambaa wa Keroka, na mtu anaweza kupima akiwa bado na kikapu cha chai mgongoni. Nyakerario huona raha kulitazama hema lile. "Tulikuwa tukiifuata dawa," husema, "sasa dawa inatufuata sisi. Na bado kuna watu wanaikimbia, jamani!"

Aliyekuwa akiikimbia kuliko wote ni Haron, mtoto wake wa pekee.

Haron hununua ndizi mashambani, huzipakia kwenye lori Keroka na kuzifikisha Nairobi. Alikuwa mwanamume wa kubeba mkungu kwa mkono mmoja huku anaongea na simu. Mwaka ule akaanza kupungua. Mkanda wake ukatobolewa tundu jipya, kisha jingine. Kikohozi kikamshika, kikakataa kumwachilia. Mamake alikitambua kikohozi kile. Alikuwa amekisikia miaka mingi nyuma, katika nyumba yake mwenyewe, kifuani mwa marehemu Ogoti. Na mkewe Haron, Mokeira, alikuwa mja mzito.

Siku moja Haron alisimama pale kwenye mizani, karani anayepima majani, Onyiego, akamtania kwamba amekonda. Haron akajibu kwa kujivuna:

"Mimi? Kwangu tulishapimwa kitambo. Mokeira alipimwa kliniki ya waja wazito, akakutwa mzima kama kengele. Sasa mimi nipimwe nini, na kitanda ni kimoja?"

Wanaume wote pale wakaitikia kwa vichwa. Basi hiyo ndiyo hesabu yao! Mke akipimwa, nyumba nzima imepimwa, mpaka na paka. Nyakerario alikuwa hatua chache tu kutoka pale. Angekuwa mtu mwingine aliyeyasema hayo, angemrarua kwa maneno mpaka ajute: angemwambia mmoja anaweza kuwa navyo na mwenzake asiwe navyo, na huyo asiye navyo ndiye wa kuwahiwa. Lakini aliyesema ni mwanawe. Akainama akajifanya anafunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa gambuti.

Onyiego alimwona. Akarudi kwenye mizani yake.

Jumatano iliyofuata Nyakerario alimwendea Batuli hemani. "Binti yangu," akasema, "wewe si wa ukoo wetu. Huna haya na Haron. Mwite."

"Nimeshamwita, mama," Batuli akajibu. "Kila nikimwita ananiambia kuna ndizi zinaoza Keroka. Ndizi gani hizo zinazooza kila Jumatano?"

"Anaogopa."

"Naam, anaogopa. Na mimi siwezi kumburuta. Kama kuna mtu nyumbani wa kumshika sikio, ashike mapema. Dawa ikiwahi, huyo ataona wajukuu zake. Na mkewe tutamkinga, kwa kuwa siku hizi kuna kidonge cha kinga. Lakini yeye aje kwanza."

Nyakerario alirudi nyumbani anaongea peke yake. Akapima njia hii, akapima ile. Mwishowe akaona ujanja, na ujanja wenyewe ulikuwa kikapu.

Alikuwa na kikapu kizuri cha kusukwa, chenye mshipi mwekundu. Akatia kipimo chini kabisa, akakifunika kwa ndizi mbivu, zile tamu ndogo ndogo, akaenda kukiweka mlangoni pa jiko la Mokeira wakati mwenyewe ameteremka mtoni. Hakumwambia lolote. Angemwambiaje, naye ni mke wa mwanawe? Aliwaza: Mokeira ana akili, atakula ndizi, atafika chini, ataelewa ni cha Haron. Kikapu chenyewe kitarudi na kitu, kwa sababu kwao kikapu hakirudi kitupu. Mtu akikuletea ndizi, unarudishia unga wa wimbi au mayai, hata mboga ya chinsaga. Kikirudi, Nyakerario angejua.

Alisahau jambo moja. Katika boma lile kulikuwa na bibi kizee Nyanchera.

Nyanchera ni mamake marehemu Ogoti, mkwewe Nyakerario. Umri wake haujui mtu, na yeye akiulizwa hutaja vita. Masikio yake ni mazito anapoambiwa akaoge na mepesi watu wanaponong'ona. Siku zile alikuwa akisumbuliwa na ufizi. Alilalamika asubuhi, akalalamika jioni, na Nyakerario, ili apate amani, alikuwa amemwahidi dawa ya ufizi kutoka zahanati.

Basi Nyanchera akatoka nje na fimbo yake, akaona kikapu chenye mshipi mwekundu, akakitambua ni cha nani. Akala ndizi moja. Akala ya pili. Akapekua. Alipofika chini akakuta pakiti yenye picha: kichwa cha mtu, mdomo wazi, kijiti kinapita kwenye ufizi. Uso ukamchangamka. "Aa! Ameikumbuka!" Kusoma hajui, ila picha anaziona vizuri. Akasukutua mdomo kwa maji, akakaa kwenye kigoda chake, akajipitishia kijiti ufizi wa juu na ufizi wa chini, akakichovya kwenye kichupa kama picha ilivyomwelekeza. Akangoja ufizi upoe.

Nyakerario alisikia akiitwa tangu ng'ambo ya ua. "Mama Haron! Mama Haron ee!" Akakimbia akidhani mzee ameanguka. Akamkuta Nyanchera ameketi wima, kichupa mkononi, uso umekunjamana.

"Dawa yako haifai kitu," akasema bibi kizee. "Nimepaka, ufizi unauma vilevile. Kisha imechora mstari. Ni wa nini?"

Nyakerario alitamani ardhi ipasuke immeze na gambuti zake. Huyu ni mamake mume wake! Mtu ambaye Nyakerario, kwa maisha yake yote ya ndoa, hajathubutu hata kumtajia mimba kwa jina lake.

"Mama," akaanza, "hiyo... hiyo si ya ufizi."

"Si ya ufizi na imechorwa ufizi?"

"Ni ya... ni ya kutazama damu, mama. Kama mtu ana ule ugonjwa." Macho yake yalikuwa chini, yanahesabu kokoto.

"Ugonjwa gani?"

"Ule wa... uliomchukua Ogoti."

Kuku mmoja akaja kudonoa maganda ya ndizi. Kisha Nyanchera akakiinua kichupa juani, akakigeuza huku na huku.

"Na mstari mmoja ni kusemaje?"

"Ni kwamba huna, mama."

"Sina!" Akapiga goti kwa kiganja. Meno yake yaliyobaki yote yakaonekana. "Umri huu wote, na sina! Nilimwambia baba mkwe wako mimi ni mwanamke mwaminifu, hakuniamini mpaka anakufa. Ningekuwa na hiki kijiti wakati ule!" Akacheka mpaka akakohoa. Nyakerario naye, kwa haya na hofu na kila kitu, akajikuta anacheka huku ameziba mdomo kwa leso.

Halafu bibi kizee akakifunga kichupa katika leso yake. Akatazama kikapu, akatazama ndizi zilizobaki.

"Hiki hukuniletea mimi," akasema.

Macho ya Nyakerario yalikwenda yenyewe hadi mlango wa Haron, yakarudi haraka. Nyanchera aliyaona yakienda na kurudi.

"Niletee kingine," akasema.

"Mama, umeshajua kwamba huna."

"Nani amesema ni cha kwangu? Kilete. Kisha nenda ukapalilie, mimi na wewe hatujaongea."

Haron alirudi kutoka Nairobi Jumanne jioni. Jumatano, kabla umande haujakauka, Nyanchera alitoa kigoda mlangoni pake, akapiga fimbo chini, akamwita. Nyakerario alikuwa upande wa pili wa migomba na jembe mkononi. Mahali pale palikuwa pamekwisha kupaliliwa tangu jana, lakini alipalilia tena. Mbele yake hapakubaki hata jani.

"Mume wangu, njoo ukae," akasema Nyanchera.

"Nimekuja, mke wangu mkubwa," Haron akasema, na kikohozi kikamkatiza. "Umeniwekea chai?"

"Chai utapewa na mdogo. Mimi nina malalamiko. Nasikia unajivuna kwenye mizani kwamba nyumba yako imepimwa."

"Imepimwa, bibi. Mokeira—"

"Mokeira amepimwa. Na mimi nimejipima. Tazama!" Akakichomoa kile kichupa kutoka kwenye leso yake, ambamo alikuwa amekihifadhi kama cheti cha shule. "Mstari mmoja. Wake zako wote wawili tumepimwa. Amebaki nani?"

Haron akacheka, akajikuna shingo. "Bibi, wake wakiwa wazima, si basi?"

"Ukipeleka ng'ombe kwenye josho, unapeleka majike peke yao? Fahali unamwacha nyumbani na kupe wake?"

Nyakerario, kule migombani, alijiuma kidole asicheke. Tangu lini ameitafuta hoja kama ile, na bibi asiyejua a wala be ameichuma tu kama jani!

"Bibi, mimi siumwi," Haron akasema, sasa bila kucheka. "Ni uchovu wa barabara."

"Baba yako alisema ni malaria."

Jembe la Nyakerario likasimama.

"Alikaa hapo ulipokaa wewe," Nyanchera akaendelea. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Alikonda hivyo hivyo, akakohoa hivyo hivyo. Nilijua si malaria. Mama hujua. Lakini alikuwa mwanangu, ningemwuliza kwa mdomo upi? Nikanyamaza. Nikampikia uji, nikanyamaza, mpaka tukamfukia pale. Mama yako naye ananyamaza sasa, anakupikia ndizi. Simlaumu, ana haya yake kama nilivyokuwa na yangu. Lakini wewe si mwanangu, Haron. Wewe ni mume wangu. Wewe nitakuuliza, na ukikataa nitakuuliza kanisani, Sabato, mbele ya kwaya."

Nyakerario aliketi chini palepale kwenye udongo. Miaka yote hiyo alidhani bibi kizee aliamini ile malaria. Alidhani amemficha. Machozi yalimtoka, nayo hayakuwa ya huzuni tupu. Alilia kwa sababu mtu mwingine alikuwa amebeba jiwe lile lile kando yake, na hawakuambiana kamwe.

Muda ukapita. Akasikia pakiti inapasuliwa. Akasikia Nyanchera anaelekeza kama mwalimu, "Juu kwanza, halafu chini, usikilambe." Kisha wakangoja. Mokeira alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, mikono juu ya tumbo lake.

"Haya, soma," bibi akasema.

"Miwili," Haron akasema, na sauti ilimtoka kama ya mtoto.

Nyakerario alifumba macho. Alijua, ila kujua na kusikia ni mambo mawili.

"Miwili," Nyanchera akarudia, kana kwamba wanahesabu mayai. "Haya. Mama yako ana miwili tangu ukiwa shule ya msingi, na jana alimfukuza fahali wa jirani kwa mwiko. Kavae viatu. Mokeira, nawe vaa. Tunakwenda kwa yule binti wa Keroka."

"Bibi, wewe pia?"

"Mume haendi peke yake. Aende arudie njiani?"

Nyakerario akaruka kama aliyeumwa na siafu. Jumatano! Ni zamu yake ya kumsaidia Batuli hemani! Akatupa jembe, akakata njia ya mkato katikati ya mashamba, akafika kituoni anahema, akaanza kupanga viti ili asifikirie. Haukupita muda, pikipiki ya kwanza ikapanda mlima: mwendeshaji mbele, Nyanchera katikati amemkumbatia kiunoni na fimbo imetokeza ubavuni, Haron nyuma amemshikilia. Ya pili ilimbeba Mokeira polepole, kwa ajili ya tumbo. Foleni yote iligeuka kutazama.

"Mama Nyakerario, shika hizi glavu," Batuli akasema. Kugeuka, anaona mwenzake ameinua turubai la nyuma na nusu ya mwili iko nje. "Unakwenda wapi?"

"Kuchuma chai!"

"Lakini shamba hilo si lako!"

"Nitawachumia wenyewe!" Akapotea kati ya mistari ya chai.

Batuli alitazama nje, akamwona anayekuja, akaelewa. Akalifunga turubai vizuri.

Mwenye shamba lile mpaka leo hajui nani alimchumia kikapu kizima siku hiyo bila kuitwa. Nyakerario alichuma, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, akimwomba Mungu kwa Ekegusii na kwa Kiswahili, lugha yoyote itakayosikika. Alipoona pikipiki zinateremka tena, Nyanchera anawapungia watu mkono kama mbunge, akarudi hemani. Batuli hakumwambia neno. Siri ya mtu ni ya mtu. Alimmiminia chai tu, akatia sukari nyingi.

Batuli alipohakikisha kwa kipimo kingine, dawa ya virusi ilianza siku hiyo hiyo, na ya kifua kikuu pia, kwa kuwa kikohozi kilikuwa na ugonjwa wake. Mokeira akapimwa upya, akakutwa bado mzima, akapewa kidonge cha kinga. Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Haron alitapika, akakasirika, akasema ataacha, na kila aliposema hivyo Nyanchera alimwuliza kama kwaya ijulishwe. Taratibu matundu ya mkanda yakaanza kurudi nyuma, moja baada ya jingine. Kikohozi kikaondoka. Mokeira akajifungua mtoto wa kiume, mzito, mwenye kelele, mzima yeye na mama yake, wakamwita Ogoti kwa jina la babu yake. Nyanchera alimpokea mikononi akamkemea, "Umechelewa sana kurudi wewe!" Siku ile hakuna aliyelala njaa katika boma lile.

Na mama na mwana? Hawakuongea hata neno moja juu ya jambo hilo. Haron alipita akasema, "Umeamkaje, mama?" Naye akajibu, "Vizuri, umeamkaje?" Ukuta ulikuwa palepale. Kilichomkera Nyakerario ni kikapu. Kikapu chake chenye mshipi mwekundu kilibaki upande ule wa ua, mwezi ukaisha, msimu ukaisha. Alikuwa akikiona kimetundikwa jikoni kwa Mokeira. Angemwuliza Mokeira, lakini kumwuliza habari za kikapu kile ilikuwa sawa na kumwuliza habari za kilichokuwamo. Alimeza mate akanunua kingine, kibaya.

Kisha Batuli akamwita. Pale Gesima kulikuwa na kikundi cha watu wanaotumia dawa, kilichoanzishwa na Nyakerario mwenyewe: badala ya kila mtu kwenda zahanati, mmoja huenda kwa zamu na kuwachukulia wenzake wote.

"Kuna mtu mpya anataka kuingia," Batuli akasema. "Virusi vyake vimelala sasa, hata mashine haivioni. Anasafiri sana, kikundi kingemfaa. Ila kila mwanakikundi atajua dawa za nani ziko katika mfuko. Na wewe umo." Akamtazama. "Amejua kwamba umo. Ameniambia bado anataka."

"Aingie," Nyakerario akasema. "Ila zamu yangu na yake zisigongane."

Zamu ya Haron ilifika baada ya mvua za kwanza. Siku hiyo Nyakerario hakwenda kituoni. Alifagia ua uliokuwa safi. Alimfukuza kuku yule yule mara kadhaa. Aliwaza: atamtuma Mokeira. Atamtuma Mose. Ataiacha dawa yangu kwa Nyanchera. Alasiri akasikia hatua, akazitambua ni za nani, zilikuwa nzito kama zamani.

Haron aliingia uani akasimama mbali kidogo na mlango, kama inavyopasa. Amejaa mashavu, shati linambana. Mkononi alikuwa na kikapu chenye mshipi mwekundu. Juu kulikuwa na ndizi mbivu, zile tamu ndogo ndogo. Chini ya ndizi kulionekana ncha ya gazeti lililofungiwa kitu kwa uangalifu.

"Mama," akasema akitazama chini, "nimerudisha kikapu chako."

Nyakerario alikishika. Kilikuwa na uzito wake. Akasema kwa ukali wa mama:

"Kimekaa mno huko kwako. Kwa nini hukukirudisha mapema?"

Haron akainua macho kidogo tu, akatabasamu.

"Nilikuwa sina cha kutia, mama."

"Haya," Nyakerario akasema. "Kaa basi, nikupe chai."

Wakanywa chai pale uani, wakazungumza habari za bei ya ndizi mpaka jua likashuka.